Uoni wa Kati Ukipotea: Mafunzo ya Macho na Umeme wa Ubongo

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili. Kazia macho neno la kwanza la mstari wowote katika ukurasa huu, kisha, bila kuyasogeza macho, jaribu kusoma neno la mwisho la mstari huohuo. Utagundua kwamba neno unaliona lipo, ila herufi zake zimebanana kiasi cha kutosomeka. Mtu aliyepoteza uoni wa kati huona hivyo kila ukurasa anaoutazama, na kila uso.

Sababu yake inatokana na mada ya jicho. Katikati ya retina kuna doa manjano, na ndani ya doa hilo kuna kishimo kiitwacho fovea, chenye upana wa milimita 1.5 hivi. Hapo seli za koni zimesongamana kuliko mahali pengine popote, ndiyo maana tunapotaka kusoma au kutunga uzi kwenye sindano tunageuza jicho ili taswira iangukie hapo. Ubongo nao umeipendelea sehemu hiyo: takriban nusu ya eneo la kwanza la kuona, lililoko kisogoni, hushughulikia taarifa za nyuzi 10 tu za katikati.

Doa manjano linaweza kuharibika kwa uzee. Linaweza pia kuharibika mapema, utotoni au ujanani, kama katika ugonjwa wa kurithi wa Stargardt, uliopewa jina la daktari Mjerumani Karl Stargardt aliyeueleza mwaka 1909. Usiichanganye hali hii na glaukoma, yaani presha ya macho. Glaukoma kwa kawaida huanza kuharibu uoni wa pembeni. Hapa pembeni hubaki pazima, na katikati ndiko kunakoingia ukungu au giza. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kutembea njiani bila kujikwaa, kisha akakupita bila salamu. Watu husema anaringa, kumbe hakuitambua sura yako.

Fovea ikishindwa kazi, mgonjwa huanza kutumia sehemu nyingine ya retina iliyo nzima, jirani na pale palipoharibika. Wengi huipata sehemu hiyo bila kufundishwa. Usishangae basi mtu wa namna hii akionekana kutazama juu ya bega lako anapozungumza nawe, ndivyo anavyokuona. Hata hivyo, pembeni koni ni chache, na ubongo huchanganya herufi zilizo karibu karibu. Kukuza maandishi kwa lenzi husaidia, lakini kusoma hubaki kwa polepole.

Je, ubongo unaweza kufundishwa kuitumia sehemu hiyo vizuri zaidi? Mwaka 2011 Susana Chung wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa matokeo ya watu 6 waliokuwa wamepoteza uoni wa kati kwa muda mrefu. Walifanya mazoezi ya kusoma sentensi kwa sauti, mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Kasi yao ya kusoma iliongezeka kwa wastani wa 53%. Zingatia jambo moja: ukali wa macho yao haukubadilika. Retina ilibaki vilevile; kilichojifunza ni ubongo.

Ubaya wa mazoezi haya ni kwamba huhitaji vipindi vingi, na mgonjwa huchoka. Ndipo umeme unapoingia. Mwaka 2008 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walieleza njia ya kupitisha kichwani, kwa elektrodi zinazobandikwa juu ya ngozi, mkondo dhaifu wa miliampea 1 ambao masafa yake hubadilika ovyo kati ya hezi 0.1 na 640. Unaweza kuuita mkondo wa kelele.

Kelele inasaidiaje? Fikiria kijana anayetaka kushika kamba iliyoning'inia juu kidogo ya kimo chake. Akiwa nchi kavu haifikii. Akisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, mara kwa mara wimbi humwinua akaigusa. Vivyo hivyo, ishara dhaifu kutoka pembeni mwa retina, ambayo peke yake isingefikia kizingiti cha kuamsha neva, inaweza kukivuka ikibebwa na kelele kidogo. Mawimbi yakizidi, bila shaka, kijana ataanguka majini.

Mwaka 2019 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliijaribu njia hiyo pamoja na mazoezi ya kutambua herufi zilizobanana pembeni mwa macho, kwa vipindi 4 tu. Waliopata mkondo walinufaika kuliko kundi lililobandikwa elektrodi bila mkondo wa kweli. Lakini soma kwa makini: washiriki hao walikuwa na macho mazima. Majaribio kwa wagonjwa bado ni machache na madogo, kwa hiyo mtu akitangaza kwamba umeme huponya doa manjano, anadanganya. Wala usijaribu kwa betri nyumbani. Kiasi cha mkondo, muda na mahali pa elektrodi hupimwa na wataalamu.

Jipime: Mgonjwa wa glaukoma na mgonjwa wa doa manjano wanakazia macho katikati ya saa kubwa ya ukutani iliyo karibu nao. Nani ataona vizuri zaidi mahali mishale inapoungana, na nani ataona namba za ukingoni? Kisha eleza kwa nini watafiti wa Toulouse walihitaji kundi lililobandikwa elektrodi bila kupitishiwa mkondo.