Mashine ya kufua na kukausha: Hesabu tuliyofundishwa na LUKU

NOVEMBA 2024, binamu yangu anayefanya kazi mgodini Geita alimpelekea mama yake zawadi iliyowashangaza majirani wa kata ya Samuye, wilayani Shinyanga. Ilikuwa mashine inayofua nguo na kuzikausha ndani ya pipa lile lile. Unaziingiza chafu, unazitoa kavu. Mama huyo ni mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu anayelea wajukuu watano na kulima pamba.

Mwezi mmoja baadaye alinipigia simu. “Mwanangu, wewe umesomea uchumi. Hebu njoo unieleze, umeme wangu unakwenda wapi?”

Nilikwenda na daftari. Kabla ya mashine nyumba ile ilitumia uniti 50 hivi kwa mwezi, yaani taa, televisheni, pasi na jokofu dogo. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti moja katika uniti 75 za kwanza. Ukijumlisha kodi na tozo inakuwa Sh122. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa akilipa Sh6,100 kwa mwezi, na alishaizoea.

Mashine ilipofika, wajukuu waliiwasha karibu kila siku, kufua kwa maji ya moto na kukausha mpaka mwisho. Mzunguko mmoja wa namna hiyo unakula uniti tano hivi. Mara 26 kwa mwezi ni uniti 130. Ongeza zile 50 za zamani, unapata 180. Na hapo ndipo mtego ulipo, maana uniti inayozidi 75 haiuzwi tena kwa Sh122 bali kwa Sh427, kodi na tozo zikiwamo. Uniti 75 za kwanza zilikuwa Sh9,150 na 105 zilizobaki Sh44,835. Jumla ni Sh53,985. Mteja anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni karibu Sh356.

Mama mdogo aliangalia ile jumla, akauliza kama mashine inaweza kurudishwa dukani.

Sikumshauri airudishe. Nilitaka kwanza tujue ni kazi ipi kati ya zile mbili inayokula fedha. Kufua kwa maji baridi na kukamua ni kazi ya mota peke yake, na mara nyingi haimalizi hata uniti moja. Kukausha ni jambo jingine. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la takriban uniti 0.65. Taulo nzito na mashuka ya pamba hutoka kwenye kufuliwa yakiwa na lita kadhaa za maji, na maji hayo yote yanapikwa kwa umeme wako.

Ndiyo maana kitufe chenye faida kuliko vyote kwenye mashine hizi ni cha kasi ya kukamua. Maji yanayotolewa kwa kuzungusha pipa ni rahisi mno kuliko yanayotolewa kwa joto. Weka kasi ya juu kabisa ambayo nguo zako zinavumilia, hata kama unakwenda kuzianika nje. Khanga iliyokamuliwa kwa mashine, ikianikwa Samuye saa tano asubuhi mwezi wa Agosti, hukauka kabla hujamaliza kupika ugali.

Jua la Shinyanga si la kupuuza. Mwaka 2023 TANESCO ilisaini mkataba wa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 wilayani Kishapu, mkoani humu humu. Nchi inalifuata jua hilo kwa mabilioni ya shilingi, na sisi tunafunga mlango tukaushe soksi kwa LUKU.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema mashine hii ni anasa ya mjini. Mkulima wa pamba anajua kwamba Januari na Februari ni miezi ya palizi. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mvua hunyesha na nguo hushinda kwenye kamba siku mbili, zikaanza kunuka. Anayefua kwa mkono nyumba ya watu sita anapoteza nusu siku, na nusu siku ya palizi ina thamani kubwa kuliko nusu siku ya Julai. Yupo pia yule nzi wa nchi za joto anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini, na mabuu wake huingia kwenye ngozi. Joto la kukaushia, kama la pasi, humaliza mayai hayo. Kwa hiyo sehemu ya kukausha ina msimu wake, kama zilivyo zana nyingine za shambani.

Kosa la pili lilikuwa la kujaza. Mashine iliandikwa 8/5. Maana yake inafua kilo nane, lakini inakausha kilo tano tu. Wajukuu walijaza nane na kuacha iendelee, nguo zikatoka na unyevu na mikunjo, wakaikausha tena. Ukitaka kukausha, punguza nguo zilizomo baada ya kufua, na usichanganye jinzi na mashati mepesi. Mashati yatakuwa yameiva wakati jinzi bado ni mbichi.

Maji nayo yanataka hesabu. Wengi hawajui kwamba mashine nyingi za aina hii hutumia maji baridi ya bomba kuupoza mvuke wakati wa kukausha. Kufua na kukausha kwa pamoja kunaweza kufika lita 100, sawa na ndoo tano. Maji yakikatika katikati ya kukausha, kazi inaharibika. Pia nyingi hudai mgandamizo usiopungua nusu baa, maana yake tangi liwe mita tano juu ya mashine. Simtanki la mama mdogo lilikaa juu ya matofali, mita moja na nusu, ndiyo maana mashine ilichukua muda mrefu kujaa na kulalamika kwa taa nyekundu. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha pampu!

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono iacheni kwenye beseni. Povu lake huzuia pipa lisikamue vizuri, na nguo isiyokamuliwa ndiyo inayokula umeme. Futa manyoya ya nguo kwenye mpira wa mlango na usafishe kichujio cha chini kila baada ya wiki chache. Waya wa ethi na stabilaiza visikosekane.

Sasa ratiba ya Samuye ni kufua mara tatu kwa wiki kwa maji baridi, jumla uniti saba hivi kwa mwezi. Kukausha ni siku za mvua tu, mara nne, kama uniti tatu kila mara. Pamoja na zile 50 tunapata 69, chini ya 75, na malipo ni Sh8,418. Tofauti ya zaidi ya Sh45,000 kwa mwezi ilikwenda kwa vibarua wa palizi.

Kinachobaki ni mnara wa tangi. Mama mdogo anataka binamu yangu alipie nondo, binamu anasema zawadi ilikwisha kwenye mashine.