Kila Mchezaji na Gemu Yake: Namna ya Kuchagua Mchezo wa Video Unaomfaa Mtu

Katika familia nyingi swali kuhusu michezo ya video huulizwa kwa namna moja tu: je, watoto wacheze au wasicheze? Swali hilo lina nafasi yake. Lakini hata likishajibiwa, linabaki la pili ambalo walezi wengi hulipita: wacheze mchezo gani? Michezo hii, ambayo vijana wetu huiita gemu, haifanani hata kidogo. Mzazi akinunua gemu kwa sababu tu ina jina kubwa, bila kumtazama atakayeicheza, huenda akapoteza fedha. Tena kijana aliyepewa asichokipenda atakwenda kutafuta akipendacho mahali ambapo hakuna wa kumwongoza. Katika makala haya tunaeleza jinsi ladha za wachezaji zinavyotofautiana, na jinsi ya kumtafutia kila mmoja kinachomfaa.

Karata nne za Bartle

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo wa kompyuta uliojulikana kama MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Kila kitu kilielezwa kwa maneno, na watu wengi waliweza kuingia kwa pamoja katika ulimwengu huo wa kubuni. Bartle alitambua kwamba watu waliocheza mchezo uleule hawakutafuta jambo lilelile. Mwaka 1996 alichapisha makala akiwagawa wachezaji katika makundi manne, na kila kundi akalipa alama ya karata.

*Uru* ni wanaotafuta mafanikio, kama watu wanaowinda hazina. Hawa hufurahia alama, ngazi na kushinda rekodi yao ya jana. Tetris, iliyotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, inawafaa sana: vipande vinaanguka, unavipanga, mstari ukijaa unafutika, na kasi inazidi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 nayo ni ya watu hawa.

*Shupaza* ni wavumbuzi. Kwa Kiingereza karata hii ina jina moja na beleshi, na kweli hawa ni watu wa kuchimba. Hawana haraka ya kushinda. Wanataka kujua nyuma ya kilima kuna nini. Wape Minecraft, iliyokamilika mwaka 2011, ambamo ulimwengu wote umeundwa kwa matofali ya kuchimbwa na kujengewa. Au wape The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, ambayo humwacha mchezaji aende upande wowote apendao.

*Kopa* ni watu wa urafiki. Kwao gemu ni kama kibaraza cha mazungumzo. Animal Crossing: New Horizons ilitoka Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, na watu wengi waliokuwa wamefungiwa majumbani waliitumia kutembeleana visiwani mwao.

*Pau* ni wanaopenda kupimana nguvu na mtu mwingine. Kwa Kiingereza jina la karata hii lina maana pia ya rungu, na Bartle alisema kwa utani kwamba hawa huwapiga wenzao kwalo. Tusiwahukumu upesi. Wapo wanaofurahia kuwasumbua wenzao, lakini hamu ya kushindana yenyewe si uovu. Mchezo wa mpira wa miguu kwenye PlayStation, ambao vijana wa mitaa yetu huuchezea vibandani, huikidhi hamu hiyo bila damu kumwagika.

Mtu mmoja, ladha zaidi ya moja

Karata hizo zisigeuzwe kuwa sanduku la kumfungia mtu. Mwaka 2006 mtafiti Nick Yee alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wachezaji 3,000 wa michezo ya mtandaoni. Aliona misukumo mikubwa mitatu: mafanikio, urafiki, na kuzama katika ulimwengu wa hadithi. Aliona pia kwamba msukumo mmoja hauufukuzi mwingine. Anayependa kushinda anaweza pia kupenda kukaa na marafiki.

Vilevile gemu moja huweza kuwafaa watu tofauti. Katika Minecraft, ndugu mmoja atapambana na viumbe wabaya wa usiku, na dada yake atachagua hali ambayo matofali hayaishi, ajenge nyumba yake kwa utulivu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

*Anapenda nini tayari, nje ya kioo?* Hapa ndipo pa kuanzia. Mpenzi wa bao au drafti, anayefikiria hatua tatu mbele, ataipenda Into the Breach ya mwaka 2018, inayochezwa kwenye ubao mdogo wa miraba 8 kwa 8, na adui huonyesha atakapopiga kabla hujacheza zamu yako. Anayependa bustani na mifugo ataridhika na Stardew Valley ya mwaka 2016, gemu ya shamba iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone.

*Ana muda kiasi gani?* Tetris unaweza kuicheza dakika kumi ukaiacha. Civilization, mfululizo ulioanza mwaka 1991, hula saa nyingi kwa mchezo mmoja. Tena kuna gemu za mtandaoni zisizoweza kusimamishwa katikati, kwa kuwa wenzako wanaendelea. Mama akiita watu mezani, ugomvi mwingi huanzia hapo, na mara nyingine si kwa ukaidi wa mtoto, bali kwa aina ya gemu iliyochaguliwa.

*Ana kifaa gani?* Simu ya kawaida, kompyuta ya zamani na PlayStation havibebi mizigo sawa. Angalia pia kama gemu inadai intaneti wakati wote, maana bando nalo ni fedha.

*Umri wake unaruhusu?* Ulaya hutumia alama za PEGI: 3, 7, 12, 16 na 18. Alama hizo hupima yaliyomo, kama ukatili au lugha chafu, hazipimi ugumu. Gemu yenye alama 3 inaweza kumshinda mtu mzima.

Mahali pa kuwa macho

Gemu ya bure si lazima iwe rahisi. Nyingine huuza masanduku ya bahati: unalipa kabla ya kujua utapata nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya gemu, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Mzazi asiunganishe akaunti yake ya fedha na simu ya mtoto bila nywila.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetaja tatizo la uchezaji uliopita kiasi. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyecheza sana wiki moja ya likizo tusimwite mgonjwa.

Mtu, wakati na mahali

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba akili huchoka kama mwili, na kwamba upinde uliovutwa daima mwishowe huvunjika. Aliuona mchezo kuwa pumziko la lazima, ila akataka uwiane na mtu, wakati na mahali. Hatujui kipimo kilicho bora zaidi kwa mzazi anayesimama dukani au kijana anayetafuta gemu kwenye simu. Tuanze na mtu: tumwulize anafurahia nini, tuketi naye tucheze raundi moja, tumsikilize anapoeleza. Mara nyingi, kabla raundi haijaisha, tutakuwa tumeshajua gemu inayomfaa, na yeye atakuwa amejua kwamba tunamjali.