Dawa isiyohitaji cheti cha daktari bado ni dawa

Mjenzi anayeamka Nkoroi na mafua, kichwa kikimuuma, mara nyingi haendi hospitali. Kibarua cha siku hakimngojei. Hupita kioskini akanunua Panadol. Jioni, akiona hajapata nafuu, hununua vidonge vya mafua katika duka jingine na kuendelea kumeza vyote viwili. Majina na rangi ni tofauti, lakini vidonge vingi vya mafua vina dawa ile ile iliyo ndani ya Panadol, yaani parasetamoli.

Hesabu yake ni rahisi. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500. Mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Anayemeza vidonge 2 vya maumivu mara 3 kwa siku amefikisha miligramu 3,000. Akiongeza vya mafua vyenye kipimo hicho hicho, navyo 2 mara 3, amefika 6,000. Hakuna mara moja aliyomeza dawa nyingi, ila jumla yake inaweza kuharibu ini. Tena madhara hayo huweza kujificha kwa siku moja au mbili kabla ya kuonekana. Kwa mtu mwenye uzito mdogo au anayekunywa pombe sana, hatari huanza mapema zaidi.

Si kosa mtu kujinunulia dawa ya maumivu ya kichwa, mafua au kiungulia. Dawa hizo huuzwa bila cheti kwa sababu ni salama zikitumiwa ipasavyo. Hata hivyo, kila moja ina watu isiowafaa. Ibuprofeni inaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na haifai kwa mama mjamzito bila ushauri wa daktari. Aspirini haipewi mtoto mwenye homa. Dawa ya mafua na mzio kama Piriton huleta usingizi, jambo la hatari kwa mwendeshaji wa bodaboda katika Barabara ya Magadi.

Maswali ya mfamasia

Hapa ndipo kazi ya mfamasia inapoanza. Anapouliza dawa ni ya nani, mgonjwa ana umri gani, dalili zimeanza lini, ana ugonjwa gani mwingine na ametumia dawa gani tayari, hachunguzi maisha ya mtu. Anatafuta lile kosa ambalo mnunuzi hawezi kuliona. Kwa mtoto, huuliza pia uzito, kwa kuwa kipimo hutegemea kilo zake. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au kijiko kilichokuja nayo, si kijiko cha chai cha nyumbani.

Njia bora ya kumsaidia ni kubeba pakiti za dawa zote zinazotumika nyumbani, zikiwemo za presha, kisukari na za kienyeji, au kupiga picha zake kwa simu.

Wakati mwingine jibu lake ni kukataa kuuza. Antibiotiki zinahitaji cheti, na haziponyi mafua, kwani mafua husababishwa na virusi. Kumeza vidonge vichache vilivyobaki kutoka kwa jirani huvipa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa, na siku ya ugonjwa wenyewe dawa hiyo inaweza kushindwa. Vivyo hivyo, si kila homa ni malaria. Kipimo cha damu kitangulie dawa. Wafugaji nao wanakumbushwa kwamba dawa ya ng'ombe kutoka agroveti haikupimwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, hata kama jina linafanana.

Duka halali

Maduka ya dawa, ambayo wengi huyaita kemisti, husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, chini ya Sura ya 244 ya Sheria za Kenya. Leseni ya duka hutolewa upya kila mwaka na inapaswa kuonekana ukutani. Mkazi ana haki ya kuisoma, kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa, na kukagua tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti. Vidonge viwili vilivyokatwa na kufungwa kwenye karatasi havina tarehe wala maelezo.

Wakati wa kwenda hospitali

Homa inayozidi siku 3, kupumua kwa shida, degedege, shingo kukakamaa, kutapika au kuharisha damu, na homa yoyote kwa mtoto wa chini ya miezi 3 si mambo ya dukani. Aliyezidisha dawa pia aende mara moja, hata kama anajisikia vizuri, na abebe pakiti. Wakazi wa Nkoroi wanaweza kufika hospitali za kaunti ndogo za Ongata Rongai au Ngong. Walio upande wa pili wa kaunti wana hospitali ya Kitengela na Hospitali ya Rufaa ya Kajiado.

Yule mjenzi angeonyesha pakiti yake ya asubuhi kabla ya kulipia ya jioni, mfamasia angeona parasetamoli mara mbili, na angemwambia aache moja.