Koichi Tohei: Mgonjwa wa kifua aliyefunza watu kutulia

JE, mtu akikushika mkono kwa nguvu, wewe hufanya nini? Wengi wetu hukunja ngumi, tukakaza mabega na kuzuia pumzi. Koichi Tohei, Mjapani aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufunza aikido ng'ambo, aliwafundisha wanafunzi wake kufanya kinyume cha hayo.

Tohei alizaliwa Tokyo mwaka wa 1920. Utotoni alikuwa dhaifu, tena akiuguaugua. Judo ilimpa nguvu, lakini alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Keio, utando unaozunguka mapafu yake ulivimba. Ugonjwa huu huleta kichomi kila mgonjwa avutapo pumzi. Ikambidi asimamishe masomo kwa muda, huku akihofia kwamba udhaifu wa utotoni ulikuwa umemrudia.

Ni wakati huo wa ugonjwa alipogeukia kutafakari kwa njia ya Zen na mazoezi ya kupumua. Alipopata nafuu alikutana na Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido. Katika aikido hushindani na nguvu za adui. Unamwacha aje kwa kasi yake, unamzungusha, naye anaanguka kwa kasi hiyo hiyo. Tohei aligundua kwamba Ueshiba alipomwangusha mtu, mwili wake mwenyewe ulikuwa umetulia kabisa.

Mwaka wa 1953 Tohei alikwenda Hawaii, visiwa vilivyotawaliwa na Marekani ingawa havikuwa bado jimbo lake. Huko alikutana na wanaume wenye miili mikubwa kuliko wake, wengine wakiwa mabingwa wa judo. Kama angetegemea misuli tu, angeaibika. Utulivu ndio uliomwokoa, na aikido ikaenea kutoka visiwa hivyo hadi Marekani bara.

Mwaka wa 1969 alipewa dan ya 10, cheo cha juu mno. Hata hivyo, alitofautiana na viongozi wa aikido kuhusu namna ya kufunza. Alianzisha chama chake mwaka wa 1971, na mwaka wa 1974 akajitenga na kuunda mtindo wake, Shin Shin Toitsu Aikido, yaani aikido ya akili na mwili vilivyounganishwa. Wengi wa wanafunzi wake wa ng'ambo walimfuata.

Unaweza kujaribu somo lake moja nyumbani. Nyosha mkono mbele, ukunje ngumi na kuukaza, kisha mwombe mwenzako aukunje kiwikoni polepole. Aghalabu atafaulu. Sasa fungua vidole, shusha mabega, na ufikirie maji yakitiririka kutoka begani hadi nje ya vidole. Safari hii atapata taabu. Sababu ni kwamba ukikaza mkono wote, misuli inayoukunja hufanya kazi pia, nayo humsaidia anayekushinda!

Tohei aliiita nguvu hiyo "ki". Hakuna chombo cha hospitali kinachoipima. Lakini inajulikana kwamba kupumua polepole husaidia kutuliza mapigo ya moyo na kupunguza wasiwasi. Keti wima, toa pumzi polepole kwa mdomo hadi iishe, kisha uivute taratibu kwa pua. Dakika chache zatosha kwa anayeanza. Ukihisi kizunguzungu, acha.

Tahadhari: mazoezi haya si dawa. Mwenye kichomi au kikohozi kisichokoma asijitibu kwa kupumua. Aende hospitali apimwe, kwani kifua kikuu ni mojawapo ya magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizo.

Tohei aliaga dunia Mei 2011. Kijana aliyehofia kifua chake alikuwa ametimiza miaka 91.