Ziara ya kikundi kaskazini mwa India: Ayapasayo kujua msafiri wa mara ya kwanza

MKENYA akisema anaelekea India, wanaomsikia huuliza mara moja ni nani mgonjwa. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa kwa miaka mingi safari ya India kwa wengi wetu imekuwa ya matibabu, au ya masomo kwa vijana. Lakini wapo pia wanaojiwekea akiba kidogo kidogo kwa nia moja tu ya kutembea: kuiona Taj Mahal kwa macho yao, kusimama ukingoni mwa Mto Ganges, kisha kurudi nyumbani na ya kusimulia.

Mtu wa aina hiyo, ikiwa hajawahi kufika huko, kwa kawaida hushauriwa ajiunge na ziara ya kikundi. Ushauri huo ni mzuri. Hata hivyo, ziara ya kikundi ni bidhaa kama bidhaa nyingine yoyote sokoni, na anayeinunua bila kujua ilivyoundwa anaweza kujikuta ametumia akiba ya miaka mitatu kutazama malori kupitia dirisha la basi, na mazulia katika duka ambalo hakulichagua yeye.

Ziara nyingi za kaskazini mwa India hufuata njia moja iitwayo Pembetatu ya Dhahabu, yaani Delhi, Agra na Jaipur. Kutoka Delhi hadi Agra ni zaidi ya kilomita 200. Agra hadi Jaipur ni takriban 240. Na kutoka Jaipur kurejea Delhi ni kama 270. Kila kipande ni kifupi kuliko safari ya Nairobi hadi Eldoret, na hapo ndipo mgeni hudanganyika. Barabara ya kulipia ya Yamuna, iliyofunguliwa mwaka wa 2012, imerahisisha sana safari ya Agra, lakini haikuondoa msongamano wa kutoka Delhi kwenyewe wala wa kuingia Agra. Basi la watalii, pamoja na mapumziko ya chai na chakula, huchukua saa nne hadi sita katika kila kipande.

Tuchukue mfano wa ziara ya siku sita. Siku ya kwanza ni ya kuwasili, na aghalabu ndege hutua usiku. Siku ya mwisho ni ya kufunga mizigo. Zinabaki siku nne, ambazo tukizikadiria saa kumi za mchana kila moja, ni saa 40. Toa saa 15 za barabarani. Toa saa nyingine sita za kupitishwa madukani, ambazo tutazieleza hivi punde. Mwenye ziara amebakiwa na saa zisizozidi 20, na ndani yake anatarajiwa kuona miji mitatu, ngome tatu au nne, msikiti, kasri na kaburi mashuhuri kuliko yote duniani. Kwa hivyo msafiri anapolinganisha bei za kampuni mbili, asitazame idadi ya vivutio vilivyoorodheshwa. Ahesabu usiku atakaolala katika kila mji. Ratiba yenye vivutio vichache na usiku mbili Agra ina thamani kuliko ile inayotaja vivutio kumi na vitano.

Kuhusu maduka, jambo lenyewe ni la kibiashara na halina siri. Ushindani ni mkali, hivyo baadhi ya wauzaji hutangaza ziara kwa bei ya chini mno, kisha pengo hilo huzibwa kwa kamisheni. Mwongoza watalii na dereva hupata sehemu ya kila shilingi ambayo mgeni ataiacha dukani. Ndiyo maana Agra utapelekwa katika karakana ya marumaru, na Jaipur katika karakana ya mazulia, vitambaa vilivyopigwa chapa kwa mkono na vito. Utaketishwa, utaletewa chai, utaonyeshwa fundi akichonga ua dogo la jiwe jekundu na kulipachika katika marumaru nyeupe. Ufundi huo ni wa kweli na unapendeza kuutazama. Saa moja na nusu baadaye ndipo utagundua kwamba mlango wa kutokea unapitia kwenye chumba cha mauzo.

Mkenya ana silaha moja ambayo watalii wengi hawana: anaijua mawe ya sabuni ya Tabaka, kule Kisii. Baadhi ya vyombo vinavyouzwa kama marumaru ni jiwe laini la aina hiyo. Kucha ikiacha mkwaruzo kwa urahisi, hiyo si marumaru, na bei yake isiwe ya marumaru. Vito ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna kipimo cha kucha. Kuna ulaghai wa muda mrefu katika miji ya Jaipur na Agra, ambapo kijana mcheshi humfanya mgeni rafiki, kisha humwomba asafirishe vito kwa jina lake ili kukwepa ushuru, na kumwahidi faida nono atakapovifikisha kwao. Mgeni huombwa tu namba ya kadi ya benki kama dhamana. Vito huwa ni vioo, na fedha hazionekani tena.

Je, basi afadhali mtu asafiri peke yake? Kwa safari ya kwanza, mwandishi huyu angali anasema hapana. Viti katika magarimoshi ya India hugombewa sana. Tangu Novemba 2024, tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na katika njia maarufu huisha mapema. Nje ya stesheni ya New Delhi wamo mabingwa wa kumwambia mgeni kwamba ofisi ya tiketi imefungwa, au kwamba hoteli yake imeungua, ili wampeleke kwa wakala wao. Aliye na kikundi hupita katikati ya hayo yote akiwa na mtu wa kumjibia. Kwa mwanamke anayesafiri bila jamaa, jambo hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama. Kitu cha kufanya ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kulipa: madukani tutapita mara ngapi, na je, anayetaka kubaki nje anaruhusiwa? Ada za kuingia vivutioni zimo katika bei? Na anayelala chumba cha peke yake ataongezwa kiasi gani? Swali hili la mwisho husahauliwa, kisha huleta majuto, kwa sababu bei zinazotangazwa ni za watu wawili katika chumba kimoja.

Tukija kwa Taj Mahal, ulizia kwanza ratiba inakufikisha Agra siku gani. Taj hufungwa kwa wageni kila Ijumaa, ambapo huingia tu wanaokwenda kuswali katika msikiti ulio ubavuni mwake. Hata garimoshi la Gatimaan, ambalo tangu 2016 limekuwa likikimbia hadi kilomita 160 kwa saa kati ya Delhi na Agra, halifanyi kazi siku hiyo. Siku nyinginezo, mgeni kutoka nje hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi akitaka kuingia katika kaburi lenyewe, ilhali Mhindi hulipa 50. Kabla hujanung'unika, kumbuka kwamba hata sisi huwatoza wageni zaidi kuingia Maasai Mara. Tiketi hiyo inakupa saa tatu.

Saa hizo zitumie asubuhi, milango inapofunguliwa jua linapochomoza, si adhuhuri ambapo marumaru huakisi mwanga hadi macho yakauma. Shah Jahan, wa nasaba ya Mughal, alilijenga kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka wa 1631 akijifungua mtoto wao wa kumi na nne. Kazi ilianza mwaka uliofuata na ikaendelea kwa takriban miaka 20. Kila kitu pale kina pacha wake: mnara kwa mnara, na msikiti upande mmoja kwa jengo linalofanana nao upande wa pili. Ndani, kaburi la malkia limewekwa katikati kabisa. La mfalme limesukumwa kando yake, na ndilo kitu kimoja kinachovunja ulinganifu huo. Mengi ya makundi hupita hapo kwa dakika mbili bila kuambiwa.

Baada ya Taj, usikubali Ngome ya Agra ifupishwe kwa sababu ya chakula cha mchana. Shah Jahan alipinduliwa na mwanawe, Aurangzeb, mwaka wa 1658, akafungiwa ndani ya ngome hiyo hadi kifo chake mwaka wa 1666. Kutoka kwenye roshani zake utaliona kaburi la Mumtaz kwa mbali, ng'ambo ya mpindo wa mto, kama alivyoliona yeye kwa miaka minane.

Njiani kuelekea Jaipur yapo magofu ya Fatehpur Sikri, mji mkuu ambao Mfalme Akbar aliujenga kuanzia mwaka wa 1571 na kuuhama kabla ya miaka 15 kupita. Jaipur yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1727, na rangi yake ya waridi ilipakwa mwaka wa 1876 kumlaki mwana wa Malkia Victoria. Hapo wengi hupiga picha Hawa Mahal, lile jengo la madirisha 953, wakaondoka. Mimi ningewashauri wavuke barabara waende Jantar Mantar, uwanja wa vyombo vya kupimia nyota ambapo kuna saa ya jua yenye kimo cha mita 27. Kivuli chake husogea huku ukikitazama.

Ziara zilizo ndefu kidogo huongeza Varanasi, kilomita 800 hivi mashariki mwa Delhi. Tangu 2019 kuna garimoshi la Vande Bharat linalofika huko kwa takriban saa nane. Maiti huchomwa hadharani kwenye ngazi za mto, usiku na mchana, na waliokuja kuzika jamaa yao hawakuja kuwa kivutio cha mtu. Kamera ibaki mfukoni. Asiyeweza kustahimili hayo asione haya kubaki hotelini. Lakini anayeweza, jua linapochomoza akiwa ndani ya mashua, ataelewa kwa nini nimesema usiku mbili hapa zina thamani kuliko ngome ya nne.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo yasipofanywa yote haya hayatakuwapo. La kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India huihesabu Kenya miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, na anayewasili bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, ambazo ni ziara yetu yote ya mfano. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya kuchanjwa, hivyo chanjo ya dakika za mwisho haisaidii. Aliyewahi kuchanjwa hana haja ya kurudia, kwani tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Akitafute tu kilipo. Viza nayo huombwa mtandaoni katika tovuti ya serikali ya India. Jihadhari na tovuti zinazoiga sura yake na kutoza ada maradufu.

Majira pia huamua mengi. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na kuanzia Julai hadi Septemba ni mvua. Desemba na Januari, wakati ambapo wengi wetu hupata likizo, ukungu huchelewesha ndege na magarimoshi kwa saa nyingi na huweza kuificha Taj nzima. Februari na Machi ndiyo miezi ya kuombea ruhusa kazini.

Kuhusu chakula, mpenda nyama asihofu sana. Kinachoitwa mutton huko mara nyingi ni mbuzi, ila nyama ya ng'ombe asiitafute. Chakula cha pakiti chenye nukta ya kijani ndani ya mraba hakina nyama. Maji yawe ya chupa, hata ya kupigia mswaki, na kizibo kikaguliwe kabla ya kulipa. Kwa pesa, neno ambalo tulilipata kwao, beba taslimu ndogo ndogo, kwani malipo ya simu yaliyoenea huko hutegemea zaidi akaunti za benki za India. Muuzaji akikutajia laki moja, ni laki ile ile unayoijua.

Siku ya mwisho kwa kawaida huwa na mwanya: chumba hotelini kinarudishwa adhuhuri, na ndege ni ya usiku. Hapo ndipo mwongozaji hukumbuka duka moja zuri lililosahauliwa. Omba mpelekwe badala yake kwenye kaburi la Humayun, hapo hapo Delhi, lililokamilika karibu mwaka wa 1570, miaka zaidi ya 60 kabla ya kazi ya Taj kuanza. Utaliona kuba lile lile, bustani ile ile iliyogawanywa kwa mifereji, na watu wachache kuliko Agra. Lilijengwa kwa amri ya mjane wake.