KIUNGO KIKIUMA: LINI TUMWONE DAKTARI?

Mwezi huu tunazungumza juu ya maumivu ya viungo. Tukisema viungo tuna maana ya mahali ambapo mfupa hukutana na mfupa: goti, nyonga, kifundo cha mguu, kiwiko, bega, vidole na kadhalika.

Karibu kila familia inaye mtu anayesumbuliwa. Babu hawezi tena kupiga magoti kanisani. Mama akiamka asubuhi vidole ni vigumu hata kufunga kitenge ni shida. Mtoto amerudi kutoka shuleni akichechemea. Kwa kuwa maumivu haya ni ya kawaida, wengi wetu huyapa yote jina moja, "baridi yabisi", tukanunua vidonge dukani na kuendelea na kazi. Lakini maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Mengine yaweza kungoja wiki mbili tatu bila hatari. Mengine hayawezi kungoja hata hadi kesho kutwa.

Tuchukue mfano ambao watumishi wa hospitali wanaufahamu vema. Mtoto wa miaka sita anaamka asubuhi na hataki kukanyaga chini. Goti linauma na mwili una joto. Bibi anasema, "Huyu ameanguka jana akicheza." Basi anachuliwa kwa mafuta. Siku ya tatu hajapona, anachanjwa chale. Siku ya saba goti limevimba kama chungu na mtoto hali chakula, ndipo anapelekwa hospitali. Usaha unatolewa na maisha yake yanaokolewa, lakini goti lile halikunjiki tena sawasawa. Wazazi hao walimpenda mtoto wao na walihangaika kwa ajili yake. Walichokosa ni kujua kwamba siku zile saba zilikuwa nyingi mno.

KWA NINI KUCHELEWA KUNADHURU

Ncha za mifupa zinazokutana zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza kama kile tunachokiona mwisho wa mfupa wa kuku. Kiungo chote kimezungushiwa kama mfuko, na ndani yake mna ute kidogo unaolainisha, mfano wa grisi katika ekseli ya baiskeli. Vijidudu vikiingia humo, mara nyingi kwa njia ya damu kutoka kwenye jipu au kidonda, hugeuza ute ule kuwa usaha. Usaha huila gegedu, na gegedu ikishaharibika haioti tena kama mwanzo. Kazi hiyo ya uharibifu huchukua siku chache tu. Katika nyonga ya mtoto, usaha unaweza pia kuubana mshipa unaopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa na mtoto akabaki kiwete.

DALILI ZA KUTOKUNGOJA

Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mkiona moja ya haya:

1. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto ukikigusa, na mgonjwa ana homa au anatetemeka.

2. Mtoto amekataa kutembea au kusimama, au mtoto mchanga hauchezeshi mkono au mguu mmoja na hulia akibadilishwa nepi.

3. Kiungo kimeumia kwa kuanguka au ajali, nacho kimepinda au hakiwezi kubeba uzito.

4. Mtoto mwenye selimundu amepata homa pamoja na maumivu ya mifupa au viungo. Huyu hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi, hivyo tusiseme tu kwamba "ni yale maumivu yake ya siku zote".

5. Maumivu ya mgongo yamefuatana na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja.

Kiungo chenye joto kisichuliwe, kisikandwe kwa maji ya moto, wala kisichanjwe. Chale huingiza vijidudu vipya, na pepopunda yaweza kupitia hapo.

MAGONJWA YANAYOJIFICHA NYUMA YA MAUMIVU

Yapo magonjwa ambayo kiungo ni mjumbe tu wa habari.

Homa ya rumatiki huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto huumwa koo, mafindofindo yakapoa, kisha baada ya wiki mbili au tatu viungo vikubwa huanza kuuma kwa zamu: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Viungo hupona vyenyewe, wazazi wakafurahi. Kumbe ugonjwa huo huo unaharibu milango ya moyo. Mtoto akigunduliwa mapema huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi. Wazazi, msiache sindano hizo kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Chaweza kuingia katika nyonga, goti au uti wa mgongo. Maumivu huja polepole kwa miezi, mgonjwa akakonda na kutoka jasho usiku. Hutibika kwa vidonge vile vile vya kifua kikuu, lakini kwa muda mrefu zaidi.

Wafugaji na wote wanywao maziwa mabichi wanaweza kupata ugonjwa wa brusela, unaoleta homa za kwenda na kurudi, jasho, na maumivu ya mgongo na nyonga. Maziwa yachemshwe.

Chikungunya ni jina lililotoka kwetu, katika lugha ya Kimakonde, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, miaka ya 1952 na 1953. Huenezwa na mbu wanaouma mchana. Homa huisha kwa siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma wiki nyingi, pengine miezi.

Jongo huwapata zaidi wanaume. Huanza ghafla, mara nyingi usiku, katika kidole gumba cha mguu, hata uzito wa shuka haustahimiliki. Pombe, hasa bia, na wingi wa nyama, maini na figo huuchochea.

Kuna pia ugonjwa unaowapata zaidi wanawake, ambapo viungo vidogo vya mikono yote miwili huvimba, na kila asubuhi huwa vigumu kwa saa nzima au zaidi. Ukiachwa, vidole hupinda. Zipo dawa za kuuzuia, lakini zinafaa zaidi zikianza mapema.

Mwisho ni kuchakaa kwa viungo kwa wazee na wenye uzito mkubwa. Huu huuma zaidi baada ya kutembea na hupoa kwa kupumzika. Hauna haraka, ila nao unastahili kuchunguzwa iwapo umezidi wiki chache au unamzuia mtu kufanya kazi.

DAKTARI ATAULIZA NINI?

Wengi hufika mbele ya daktari wakasema, "Naumwa viungo," wakanyamaza. Inafaa kujiandaa nyumbani. Fikirini, au andikeni katika karatasi, majibu ya maswali haya:

- Maumivu yalianza lini, ghafla au polepole?
- Ni kiungo kimoja au vingi? Yanahama?
- Yanazidi asubuhi au jioni? Ugumu wa asubuhi huchukua muda gani?
- Kuna homa, jasho la usiku, kukonda, vipele, au koo lililouma wiki zilizopita?
- Umeanguka au kujigonga?
- Umetumia dawa gani, za dukani na za kienyeji?

Swali la mwisho lijibiwe kwa ukweli. Hakuna aibu kusema ulikunywa mizizi au ulichanjwa. Chukueni pakiti za dawa mlizotumia na vyeti vya zamani. Pia msishangae daktari akiuliza juu ya usaha sehemu za siri, kwani kisonono huweza kuingia katika viungo. Huuliza ili atibu, na jambo hilo ni siri kati yake na mgonjwa.

Daktari atalinganisha kiungo kinachouma na mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo vaeni nguo zinazofunuka kwa urahisi. Huenda akataka damu ipimwe au picha ya eksirei ipigwe. Kiungo kikiwa kimevimba, huenda akavuta maji kwa sindano. Wengi wanaogopa wakidhani kwamba maji yakitolewa mguu utakauka. Si kweli. Maji hayo ndiyo yanayoonyesha kama kuna usaha, na kuyatoa hupunguza maumivu. Mwulizeni: ugonjwa huu ni upi, dawa hii nitumie kwa muda gani, nirudi lini?

TAHADHARI JUU YA DAWA

Parasetamoli ni dawa ya kuanzia. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mtoto apewe kwa kipimo chake. Aspirini wasipewe watoto bila agizo la daktari. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini zikitumiwa muda mrefu hutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Mama mjamzito asizitumie bila kuuliza.

Jihadharini sana na vidonge na unga visivyo na jina vinavyosifiwa kuponya "miguu" kwa siku moja. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa na steroidi kama deksamethasoni. Mgonjwa hujisikia kijana, ananenepa uso, kumbe sukari na shinikizo vinapanda, na mifupa inadhoofika. Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asiziache ghafla, bali amwone daktari.

TUWASAIDIEJE WAZEE NYUMBANI?

Mwenye goti lililochakaa asikae tu kitini. Atembee kidogo kidogo kila siku. Akiwa ameketi anyooshe mguu, auinue, ahesabu hadi tano, aushushe, na arudie mara kumi. Kupunguza uzito hupunguza maumivu. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande usiouma. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu husaidia, ikiwa kiungo hakina joto wala uvimbe mpya. Kigoda kirefu jikoni na kiti chooni ni msaada mkubwa kuliko dawa nyingi. Tena asiyeweza kupiga magoti asione haya kubaki ameketi wakati wa Misa.

Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo waangalieni wa nyumbani mwenu. Yupo anayechechemea? Gusa goti lake kwa mgongo wa mkono, kisha gusa na lile la pili. Likiwa na moto kuliko mwenzake, na mwili una homa, msilale nalo. Tafuteni nauli usiku huo huo.