Githeri ya kushiba bila magadi wala chumvi tele

UKIPITA katika mitaa ya Umoja, Kangemi au Kawangware jioni, pua itakueleza nani anapika nini. Huku kitunguu kinakaangwa, kule kuna samaki, na mlango wa tatu sufuria ya githeri inatokota tangu alasiri. Kwa wapenzi wa kupika, wanaume kwa wanawake, mlo wa jioni ndio unaowakutanisha watu wote wa nyumbani, na hakuna mpishi anayejiheshimu atakayewapa chakula chepesi watu waliorudi kazini na shuleni wakiwa wamechoka.

Hakuna ubaya wowote katika mlo wa kushibisha. Tatizo huanza pale utamu na ulaini wa chakula unapotafutwa kwa njia ya mkato: magadi ili maharagwe yaive haraka, mafuta mengi ili mchuzi ung'ae, chumvi na unga wa mchuzi wa pakiti ili ladha ipatikane kwa dakika tano. Shinikizo la damu, maradhi ambayo wengi tunayaita presha, mara nyingi halionyeshi dalili yoyote kwa miaka mingi. Mtu hujiona mzima hadi siku anapopatwa na kiharusi. Sehemu kubwa ya chumvi anayokula hutoka jikoni mwake mwenyewe, na hapo ndipo mpishi ana uwezo ambao daktari hana.

Chukua mfano wa hiyo githeri. Mahindi yakiliwa peke yake yana upungufu wa baadhi ya viini vya protini, na maharagwe yana viini hivyo kwa wingi. Vikiwa katika sahani moja, mwili hupata protini nzuri bila gharama ya nyama. Isitoshe, makapi ya maharagwe hufanya sukari iingie katika damu polepole, jambo la manufaa kwa wenye ugonjwa wa kisukari. Wazee wetu walikuwa na busara yao.

Kazi huanza kwa kuchagua. Mwaga mahindi na maharagwe kwenye sinia, utupe punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Hili si suala la usafi tu. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha hata ukitumia gunia zima la makaa. Kuchagua pia hakuwezi kuyafanya mahindi mabovu kuwa salama. Kama sehemu kubwa ina ukungu, yatupe yote, hata kama roho inauma.

Kisha roweka usiku kucha. Kwa familia ya watu sita, vikombe viwili vya mahindi na viwili vya maharagwe vinatosha. Loweka kila kimoja katika chombo chake, kwa sababu mahindi huchukua muda mrefu zaidi kuiva na lazima yatangulie motoni kwa saa moja au zaidi. Asubuhi mwaga maji yale, usiyapikie. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoweza kumfanya mtu atapike na kuendesha vibaya, na huvunjika tu yakichemka sana katika maji mapya. Yape angalau dakika 10 za kutokota kwa nguvu, nusu saa ikiwezekana, kabla ya kupunguza moto. Kuyaacha yachemke polepole tangu mwanzo ni hatari.

Na magadi je? Wapishi wengi huapa kwamba githeri bila magadi haiivi. Magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi huko Kajiado, hulainisha ganda kweli, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe. Tena yana sodiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi ambacho hupandisha presha. Anayetia magadi, kisha chumvi, kisha unga wa mchuzi, ameongeza sodiamu mara tatu katika sufuria moja bila kujua. Maharagwe yaliyorowekwa vyema hayahitaji msaada huo. Yakikataa kuiva, huenda yalikaa ghalani muda mrefu mno, au umetia nyanya mapema, kwani uchachu wa nyanya na limau huyafanya yabaki magumu. Nyanya zingoje hadi mwisho.

Wanaotumia jiko la makaa wasisahau kwamba saa tatu za kuchemsha ni saa tatu za moshi na gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Pika nje au mlango na dirisha vikiwa wazi, na kamwe usilete jiko hilo ndani ya chumba cha kulala ili kuota moto. Aliye na sufuria ya mvuke atapunguza muda huo sana.

Sasa tuje kwenye kukaanga, ambapo ufundi wa mpishi huonekana. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate wa asubuhi na chipsi za mchana. Kwa sufuria ya watu sita, kijiko kimoja cha chai chatosha kabisa, ukiitia mwishoni na kuonja. Usiiache chumvi kabisa, kwa kuwa ya madukani imetiwa madini ya joto yanayozuia uvimbe wa shingo. Vile vipande vidogo vya kuongeza ladha, karibu nusu yake ni chumvi, kwa hivyo ukivitumia usiongeze nyingine.

Ladha itoke wapi basi? Kaanga vitunguu viwili vikubwa kwa vijiko viwili vya mezani vya mafuta, kwa moto mdogo, hadi viwe rangi ya kahawia. Vikianza kukauka, nyunyizia maji badala ya kuongeza mafuta. Tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari, kisha karoti, pilipili hoho na nyanya, na umalizie kwa dhania nyingi. Kila kijiko cha mezani cha mafuta kina takriban kalori 120, na wapo wanaomimina nusu kikombe bila kupima. Ponda maharagwe machache kwa mwiko na mchuzi utakuwa mzito wenyewe. Hii ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote.

Andaa kachumbari yenye limau kando. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida, na vitamini C huyasaidia. Chai, kwa upande mwingine, huyazuia. Ile desturi ya kuteremsha githeri kwa kikombe cha chai ya rangi haiwafai akina mama wajawazito na watoto wanaohitaji damu. Chai isubiri saa moja.

Wenye maradhi ya figo wazungumze na daktari kwanza, maana maharagwe na mboga zina potasiamu nyingi. Githeri itakayobaki isilale mezani. Ipoze, uitie kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu itoke motoni, na kesho uipashe hadi itokote. Asiye na jokofu apike ya kuisha usiku huo huo.